Niligeuza Maneno ya Mama Aliyenilea

Kosa ni langu. Nasema hivyo mapema ili usije ukafika katikati ya habari hii ukaanza kunionea huruma, ukamtafuta mtu mwingine wa kumlaumu. Hakuna mwingine. Sikuhongwa, sikutishwa, sikulewa. Nilisimama juani mchana kweupe, nikasema uongo kwa Kiingereza, na uongo ule ukawafukuza watu kwao.

Jina langu nisamehe, silitaji. Ninakoishi wananiita mama wa maendeleo, na wakijua kuwa ni mimi niliyeandika haya sijui nitauweka wapi uso wangu.

Nilizaliwa kwenye kambi ya shamba moja la mkonge, huku chini tambarare, ukitoka Same kuelekea upande wa Tanga. Baba alikuwa manamba. Aliletwa kwa treni kutoka Kigoma akiwa kijana mdogo, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda, na kwao hakurudi tena. Mama yangu alifariki muda mfupi baada ya kunizaa.

Aliyenichukua ni jirani yetu, mama wa Kinyamwezi aliyeitwa Nyamizi. Wakati huo alikuwa ananyonyesha mtoto wake, akaninyonyesha na mimi. Mtoto wake baadaye akafa kwa surua. Nikabaki mimi peke yangu. Kila nilichokula utotoni alikipika yeye, kwa moto wa vigogo vya mkonge vilivyokauka, ule moshi mkali unaomfanya mtu apike huku amefumba macho. Yeye ndiye aliyemwambia baba, "Huyu asome. Mkonge umekula watu wa kutosha hapa."

Nikasoma. Baba alifariki nikiwa sekondari, akazikwa palepale kambini, kando ya mabanda, wanakozikwa wote. Nikapata mafunzo, nikaajiriwa kuwa bibi maendeleo hapohapo Same. Wakati ule hata sabuni ilikuwa ya kutafutana, na mtu mwenye mshahara wa serikali alionekana mtu kweli.

Ndipo nikakutana na mume wangu, nimwite Eliamini. Mpare wa milimani, mwalimu, mpole. Nilimpenda na bado nampenda. Yeye nilimweleza asili yangu yote, wala hakujali. Ila akaniambia, "Nyumbani tusiseme hilo la kambi. Wewe humjui mama yangu."

Baadaye nilimjua. Tukiwa bado wachumba, nilimsikia mama mkwe akimsimulia jirani habari ya kijana fulani aliyeoa binti wa manamba. Alisema, "Mtu unaoa ukoo. Wale wa kambini ukoo wao utaukuta wapi? Wametupwa tu pale na treni." Nilikuwa nachambua maharage karibu naye. Niliendelea kuchambua.

Basi tukasema baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka Tabora, amekwisha kufariki. Kwenye harusi walisimama watu wa ofisini kwangu kama wazazi. Mama Nyamizi sikumwalika. Jamani! Mwanamke aliyeninyonyesha, sikumwalika. Nilimpelekea khanga na sukari wiki chache baadaye, mwenyewe nimevaa kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi ili nisitambulike stendi. Alizipokea kwa mikono miwili, akacheka, akanisifia ngozi. Hakuuliza kitu.

Baada ya hapo nikapunguza kwenda. Halafu nikaacha kabisa.

Miaka ikapita, zikaja enzi za ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka yakajaa vitu ambavyo watu hatukuwa na uwezo wa kuvinunua. Mashirika ya umma yakaanza kufa moja baada ya jingine, na shamba letu la mkonge likafungwa. Wenye shamba waling'oa hata ile injini ya dizeli iliyokuwa ikivuta maji ya kisima cha kambi, wakaondoka nayo kwenye lori. Watu walibaki. Wangekwenda wapi? Wengi walikuwa wazee, na watoto wao walizaliwa hapo. Kisima kipo, lakini ni kirefu, maji yako chini na hayafikiki. Wakawa wanakwenda kuchota mtoni, mwendo wa kuchosha punda, na mto wenyewe una mamba.

Mimi nilikuwa nazisikia habari hizo ofisini, nikiinamia meza kama vile zinahusu nchi nyingine.

Ndipo ukaja mradi. Ulikuwa mradi wa wafadhili kutoka Ulaya, wa umeme wa jua. Vioo vya kufunga juu ya paa, pampu ya maji isiyotumia mafuta, taa na friji ya chanjo kwa zahanati, pamoja na majiko ya kupunguza kuni na moshi. Vifaa vilitosha sehemu moja tu. Akaja mama mmoja wa Kizungu, mrefu, anayetembea haraka, pamoja na kijana fundi aliyekuwa akipima jua kwa mashine ndogo. Yule Mtanzania mwenzao waliyetoka naye Dar es Salaam alishikwa na malaria akabaki Moshi. Wakaomba ofisini kwetu mtu wa kuwatafsiria. Nikapewa mimi.

Yule mama alinieleza tangu mwanzo anachokitafuta. "Mvua zinabadilika," alisema, "ukame utazidi, na wanaoumia kwanza ni wale ambao hawakuharibu chochote. Sitaki kupelekwa kwa wanaojua kuomba. Nataka wale ambao hakuna mtu anayewaita mkutanoni. Nisaidie niwapate."

Niliwajua watu hao! Niliwajua kwa majina, na nilijua nani ana kifua na nani anakohoa kwa sababu ya moshi. Nilichopaswa kufanya ni kufungua mdomo tu.

Sasa sikia jinsi mtego ulivyojifunga. Ili isije ikasemwa kuna upendeleo, iliamuliwa kila kijiji kinachotembelewa kitoe mzee mmoja wa kufuatana na wageni mpaka mwisho. Kijiji cha mume wangu kule juu kilikuwa mojawapo. Na mzee waliyemtoa alikuwa baba mkwe wangu mwenyewe.

Huko juu kulikuwa na shida pia, sitaki kudanganya mara ya pili. Zahanati ilizalisha akina mama kwa kibatari. Lakini maji yalikuwepo. Chemchemi zilikuwa zinatiririka, na mabwawa ya zamani ya kuhifadhi maji ya kumwagilia, yale tunayoyaita ndiva, yalikuwa hayajakauka. Yule mama wa Kizungu aliyaona mwenyewe akatikisa kichwa. Alipoambiwa iko kambi ya mkonge huko chini, akasema, "Twende huko."

Garini nilikaa nyuma na baba mkwe. Dereva alikuwa kijana wa Korogwe, msikivu, anajua Kiingereza kidogo. Njia nzima baba mkwe alikuwa anazungumza nami kwa furaha, na mimi naitikia tu. Niliwaza jambo moja tu: Mama Nyamizi ataniona. Atapiga vigelegele, atanikumbatia, ataniita mwanangu. Na mzee huyu yuko hapa.

Tukafika. Mabanda yaleyale marefu, bati limeliwa na kutu. Watu wakakusanyika polepole, macho mekundu kwa moshi. Nikamwona. Alikuwa amekonda, anatembelea fimbo. Alinitazama, akamtazama baba mkwe wangu, akanitazama tena. Nikajua anakuja. Nilishika mlango wa gari.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu. "Karibu, bibi maendeleo. Karibuni wageni wetu."

Akapita! Akaenda kumpa mkono baba mkwe, akamwamkia vizuri, kama watu wasiokuwa na mtu wanayemfahamu kwa pamoja. Alikuwa ameelewa kila kitu kwa kutazama mara moja tu, na akaamua kunificha; wenzake walionikumbuka wakamwona, nao wakaniamkia kama mgeni.

Ningekuwa na moyo wa mtu ningelia palepale. Badala yake nikashusha pumzi kwa nafuu. Hilo nalo lina uzito wake kwangu mpaka leo.

Wageni wakaomba mtu mmoja azungumze kwa niaba ya wenzake. Watu wakamsukuma mbele Mama Nyamizi. Yule mama wa Kizungu akaniambia, "Muulize, hawa watu ni wakazi wa hapa, au wako njiani kurudi makwao?" Nilipomuuliza, Mama Nyamizi aliegemea fimbo akaanza kusema, taratibu, ili nipate nafasi ya kutafsiri.

"Mwambie sisi hatuna kwingine. Nilikuja hapa msichana. Tabora leo nikishuka sina wa kumgongea mlango. Sisi tumezika hapa." Akanyoosha fimbo kuelekea makaburini. "Lile la mwisho pale ni la jirani yangu. Mimi ndiye ninayelifagia, maana mwanawe yuko mbali, kikazi. Si kosa lake. Mwambie tukipata maji tu hapa, tutakaa hapa mpaka mwisho."

Lile la mwisho ni la baba yangu.

Nilitazama. Lilikuwa safi, limepangwa mawe pembeni. Baba mkwe, asiyejua Kiingereza, alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, anatikisa kichwa kwa huruma. Nikafikiri: mradi ukija hapa, mimi ndiye nitakayepangwa kuusimamia. Nitashinda hapa miezi na miezi. Mzee atakuja kuangalia, mama mkwe atakuja, na siku moja mtoto mdogo au mlevi mmoja ataniita kwa jina langu la utotoni. Kila kitu kitakwisha.

Mama wa Kizungu alikuwa ananisubiri.

Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema wana makwao magharibi. Wanangoja nauli tu ili waondoke."

"Na kule alikoonyesha kwa fimbo?"

"Anaonyesha njia ya stesheni."

Basi. Ndivyo ilivyokuwa. Si maneno mengi.

Yule mama alionekana kusikitika. Akasema, kama ni hivyo hawezi kuacha pampu mahali ambapo watu watahama. Akawashukuru. Mama Nyamizi akaniuliza, "Ameelewa?" Nikasema, "Ndiyo mama, ameelewa vizuri." Akatabasamu kwa fahari, na nilijua kabisa kwamba fahari ile ilikuwa ya kuniona mimi nikizungumza lugha ya Wazungu.

Jioni ile wageni waliposhuka hotelini, dereva aliniita pembeni. Alisema kwa adabu, "Dada, samahani. Yule mama hakusema vile."

"Wewe endesha gari," nikamjibu.

Akanitazama kidogo, akafunga mlango wa Landrova. Ningepewa nafasi nyingine gani? Wageni walikuwa bado wako ndani wanakunywa chai. Ningeingia tu.

Nilimwambia mume wangu. Akasema, "Umeshasema. Sasa uache hivyo. Umeokoa nyumba yetu." Aliponishika mkono niliona kwamba sasa kosa ni la watu wawili, na wawili hawajitoi humo kirahisi.

Kambi ikiwa imeachwa, wageni wakaichagua ile zahanati ya kibatari, na mradi ukapanda mlimani, kijijini kwetu. Taa ziliwaka zahanati, watu wakaimba kanisani. Baba mkwe alisimama akatangaza kwamba mkwewe ndiye aliyewaongoza wageni, na kwamba hakupendelea hata kidogo, yeye alikuwepo, aliona kwa macho yake. Watu wakapiga makofi! Nikakaa nimeinama, na watu wakasema ona jinsi asivyojikweza.

Nilidhani adhabu yangu itakuwa hiyo, kusifiwa. Sikujua kilichokuwa kinakuja.

Shamba la mkonge likapata mnunuzi. Mnunuzi akataka ardhi tupu. Siku moja mkubwa wangu wa kazi alituita, akasema watu wa kambi wataondolewa, watapewa tiketi za treni warudi makwao. Mwenzangu mmoja akauliza, "Lakini si wamekaa pale miaka mingi?" Mkubwa akasema, "Hata watu wa mradi waliwahoji. Walisema wenyewe kwamba ni wapita njia, wanangoja nauli. Sasa nauli imepatikana."

Yalikuwa maneno yangu, yakitoka kinywani mwa mtu mwingine. Nilisubiri wenzangu watoke, nikafunga mlango, nikamwambia, "Mzee, si kweli. Wale ni wakazi. Wana makaburi pale. Tafsiri ile nilikosea."

"Ulikosea au ulidanganya?"

Niligeuka kuhakikisha mlango umefungwa.

Hakuwa mtu mbaya. Aliongea kama baba. "Mama Neema," akaniambia, "wafanyakazi wanapunguzwa, unajua. Ukisema ulidanganya, wewe wa kwanza kuondoka. Wafadhili watauliza kwa nini vifaa viko mlimani. Watavifungua vile vioo na ile friji ya chanjo. Akina mama wanaojifungua kule watarudi kwenye kibatari, na watajua ni kwa sababu yako. Na hawa wa kambini bado wataondolewa, maana ardhi imeshauzwa. Sasa niambie, unamsaidia nani?"

Nilitafuta jibu. Kila upande niliogeukia palikuwa na watu ambao ningewaumiza. Binti yangu Neema, mume wangu, wale wajawazito. Nilitoka nikafunga mlango polepole. Lakini nikuambie ukweli ambao nimejificha nao muda mrefu: nilipotoka nilishukuru kwamba amenipa sababu.

Nikapangwa kwenda stesheni siku ya kuondoka kwao, kusaidia wazee na watoto. Kazi ya bibi maendeleo hiyo. Walikuwa wameshushwa na malori, wamekaa juu ya mafurushi yao, masufuria, kuku wamefungwa miguu. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Wengine walikuwa wananiuliza, "Eti Tabora kuna joto?" Watu wazima, wanauliza habari za kwao.

Mama Nyamizi alikuwa amekaa peke yake, fimbo magotini. Wenzangu wa ofisini walikuwepo. Nilimwendea nikapiga magoti kwenye mawe ya reli.

"Mama," nikasema. Nililisema kwa sauti. "Mama, ni mimi niliyesema uongo. Ulipokuwa unaongea, mimi nilisema mnataka kuondoka."

Aliishika fimbo yake. Nilitaka anipige. Ningepokea, Mungu ni shahidi.

Akasema chinichini, "Nilijua. Yule mwanamke alivyofunga begi lake haraka, nilijua."

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Ningesema kwa lugha gani?" Kisha akainua kichwa akawaona wenzangu wanatutazama. "Inuka. Watu wanakuona. Inuka, mwanangu, utaharibu kwako."

Nikainuka. Ndiyo, nikainuka! Alipotakiwa kupanda, nilimshika mkono kama nilivyowashika wazee wengine, wala sikuukaza zaidi. Wenzangu waliponiuliza kwa nini nimepiga magoti, nilisema bibi alikuwa ananiombea baraka.

Nilimtafuta baadaye. Nilimwomba mfanyakazi mmoja wa treni aulizie Tabora, nikatuma salamu kwa kila aliyekuwa anakwenda huko. Mmoja aliniletea habari kwamba wengi walishuka njiani, Morogoro, Dodoma, popote walipochoka. Mwingine alisema alimwona bibi mwenye fimbo akiuza karanga nje ya stesheni, hakumbuki stesheni gani. Mpaka leo sijui yu hai au alizikwa na nani. Kambi ilisawazishwa kwa trekta. Makaburi nayo. Nilikwenda mara moja, sikuweza kuonyesha baba yangu alilala wapi.

Na mimi niko huku juu. Baba mkwe alifariki akinisifu. Mama mkwe sasa ni mzee, namwogesha mimi, ananiita binti yangu na anasema Mungu alimpa mkwe wa ukoo mzuri. Mume wangu jambo hili hataki kulisikia, nikilianza anatoka nje. Binti yangu Neema anajua babu yake alikuwa mtu wa reli, na amewasimulia wanafunzi wenzake.

Juzi kamati ya zahanati imeamua wodi mpya ya wazazi ipewe jina langu. Nimekataa. Wakasema nakataa kwa unyenyekevu, wakazidi kung'ang'ania. Nikakataa kwa ukali, wakaleta mchungaji. Tayari fundi anachora herufi za jina juu ya mlango. Siku ya sherehe nitaitwa mbele, nami najijua, nitasimama, nitatabasamu.

Wewe unayetumwa kuwazungusha wageni vijijini, wewe unayepewa kazi ya kusema nani ana shida zaidi, nakusihi. Aliyeko mbele yako akisema "hapa ni kwetu," sema hivyohivyo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama aliyesimama karibu yako atakujua wewe ni nani. Kama huwezi, kataa kazi hiyo siku hiyo. Sema unaumwa. Sema lolote, lakini usiwasemee watu kitu ambacho hawakukisema! Yule mgeni ataondoka na maneno yako, atayapeleka usikoweza kuyafuata, na wenye nguvu watayakuta yamewekwa tayari kwa ajili yao.

Mimi niliogopa kuitwa mtoto wa kambi. Leo ningetoa chochote nilicho nacho nimsikie mtu mmoja tu akiniita hivyo, na hakuna aliyebaki wa kuniita.